Mama mkwe anasema nimemharibia mwanawe tumbo

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa na robo usiku, niko jikoni, usingizi umenikataa. Baba watoto ameenda msalani mara 5 tangu saa nne na sasa ndio ametulia. Nimemkorogea maji ya chumvi na sukari: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, vya kusawazishwa si vya kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anakunywa kidogo kidogo. Kuhara nitakumudu. Lililonishinda kumeza ni lile neno.

"Umemharibia mwanangu tumbo." Mama mkwe aliniambia hivyo jana kwake, mbele ya mawifi, sahani zikiwa bado mezani. Sikujibu. Unajua mambo ya kwa wakwe, mtu akijibu amekosa, akinyamaza amekubali.

Mimi sikumnyima mtu chakula. Daktari ndiye aliyesema kolesteroli yake imepanda na apunguze uzito, na hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Mimi nilibadilisha upishi tu. Zamani sukuma wiki ilikuwa ikimiminiwa mafuta bila kipimo, siku hizi ni kijiko kikubwa kimoja kwa sufuria ya watu wanne. Kijiko hicho ni mililita 15, karibu gramu 14 za mafuta, kalori 120 hivi. Githeri, mahindi na maharagwe, nachemsha nikatia kitunguu, nyanya na dania. Nyama ni mara 2 kwa wiki, na supu nailaza usiku mzima ili mafuta yagande juu niyatoe kwa kijiko. Chapati ni Jumapili, moja. Chai ni ya rangi. Kwa hesabu yangu anapata mafuta gramu 30 hivi kwa siku, na hesabu hiyo naijua vizuri kwa sababu nimesomea lishe na ndiyo kazi yangu.

Sasa linganisha na meza ya jana. Mbavu za mbuzi kutoka soko la Kiamaiko, zile ambazo mafuta yake huganda midomoni kabla hujafuta. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Pilau inayong'aa. Chapati ambazo kilo moja ya unga hunywa robo lita ya mafuta, na kilo hiyo hutoa chapati 14, kwa hiyo kila moja imebeba zaidi ya kijiko kikubwa. Alikula 3. Hizo peke yake zinapita gramu 45. Ukijumlisha vyote ni zaidi ya gramu 100 kwa mkao mmoja, baada ya kushinda njaa tangu asubuhi "ili aache nafasi". Halafu glasi 2 za maziwa.

Tumbo la nani lingenyamaza?

Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo mwili unahitaji nyongo. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, nusu lita hadi lita moja kwa siku, na sehemu yake huwekwa akiba kwenye kifuko kidogo kilicho chini ya ini, ikakolea humo. Mafuta yanapoingia mwanzo wa utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo ndiyo inayokiamuru kifuko kijikamue, na kongosho nayo imwage vimeng'enya, vile vitu vinavyovunjavunja chakula. Nyongo huyagawa mafuta matone madogo madogo, kama sabuni kwenye sufuria ya pilau, kisha kimeng'enya cha lipasi huyakatakata yapate kufyonzwa. Kongosho hutengeneza lipasi kulingana na kazi inayopewa. Ukipunguza mafuta kwa miezi, nayo hupunguza. Ukiyarudisha taratibu, itaongeza, lakini kwa siku na wiki, si kwa mlo mmoja wa mchana.

Mzigo ukizidi, mafuta yasiyomeng'enywa huteremka hadi utumbo mpana, na chumvi za nyongo zilizokosa kufyonzwa huyafuata huko. Hizo huufanya ukuta wa utumbo umwage maji. Ndipo unapata kuhara, na choo kinachoelea, chenye kung'aa na harufu nzito, kinachotaka ndoo 2 za maji kuondoka. Kichefuchefu na kushiba hadi kifuani ni kwa sababu mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga, chakula hukaa juu saa nyingi. Na ile haja ya kwanza, inayokuja hata kabla ya kunawa mikono, si chakula cha leo kinachotoka. Tumbo likijaa ghafla huusukuma utumbo mpana uondoe vya jana.

Yote haya ningeyasema pale mezani kama ningeulizwa. Sikuulizwa. Niliambiwa nimeharibu.

Wifi mmoja anasema tumbo lake limesahau nyama. Hapana. Vimeng'enya vya protini vinavyoshughulikia nyama ni vile vile vinavyoshughulikia maharagwe na ndengu anazokula kila siku, havina cha kusahau. Mpe steki ya kuchemsha isiyo na mafuta, gramu 80, hatasikia lolote. Mwingine anasema ni soda baridi iliyogandisha mafuta tumboni. Soda hupata joto la mwili muda mfupi baada ya kumezwa. Maziwa ndiyo sikatai, yanaweza kuchangia. Watu wazima wengi hupungukiwa na laktasi, kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa, na hilo ni la kurithi, halikuletwa na upishi wangu. Ila aliyezoea chai ya maziwa kila siku, bakteria wa utumbo wake wameizoea ile sukari. Akiacha miezi 8, uzoefu huo unapungua. Maziwa lala yangemfaa zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari imeshaliwa na bakteria wakati wa kuganda. Nilimwomba mama mkwe ampe lala. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Na nilikuwa na mpango, Shangazi. Nilimweleza kwa simu wiki 3 kabla, kwa heshima zote, kwamba tukimwandaa mwanawe atakula kwake bila shida. Wiki ya kwanza unaongeza kijiko kidogo kimoja cha mafuta, mililita 5, kwenye chakula cha mchana na kingine usiku, uone. Tumbo likitulia siku 3, unaongeza tena. Wiki ya pili unaleta chapati nusu, na nyama ya kuchoma kipande cha ukubwa wa kiganja, iliyokatwa mafuta ya pembeni. Wiki ya tatu ndipo pilau, kikombe kimoja, lakini siku hiyo hakuna chapati. Mafuta yagawanywe kwa milo, yasirundikwe pamoja. Siku ya sherehe asishinde njaa. Anywe uji asubuhi, na mezani aanze na kachumbari na ugali, nyama ifuate, ale polepole, asimame kabla hajashiba kabisa. Baadaye atembee dakika 20, asilale chali. Hayo si maringo, ndivyo mwili unavyofanya kazi. Jibu nililopata ni kwamba yeye amelea watoto 6 bila kupima mafuta kwa kijiko.

Labda ni kweli amewalea. Lakini hajawahi kumkamulia mtu kitambaa saa nane usiku kwa sababu ya chapati 3.

Kuna jambo lingine ambalo sijamwambia mtu, na sijui kama ndilo linaloninyima usingizi au ni lile neno la mama mkwe.

Usiku wa leo, kabla ya kuhara, alishika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, akasema maumivu yanamchoma hadi mgongoni, karibu na bega. Yalikaa kama saa 2, hakupata namna ya kukaa wala kulala iliyompa nafuu, kisha yakaisha. Mwezi wa nane ilikuwa hivyo hivyo, tulipotoka kwao. Yeye anasema ni gesi, akanunua dawa ya kiungulia dukani. Kiungulia huunguza kifuani na kupanda kooni, hakikai chini ya mbavu za kulia. Gesi hutembea, na mtu akipitisha hewa hupata nafuu. Maumivu haya hayakutembea.

Najua yanafanana na nini. Kifuko cha nyongo kinapokosa mafuta ya kukiamsha, hakijikamui vya kutosha. Nyongo inatuama, inakuwa nzito kama tope, na kolesteroli iliyomo huanza kushikana na kuwa vijiwe. Hatari huongezeka zaidi mtu akipungua uzito kwa kasi, kwa sababu ini humwaga kolesteroli zaidi kwenye nyongo. Zaidi ya kilo 1 na nusu kwa wiki tayari ni kasi ya kuogopwa. Kisha siku moja mlo wa mafuta mengi unakiamuru kifuko kijikamue kwa nguvu, kijiwe kinaziba mlango, na maumivu yanakuja.

Baba watoto alipungua kilo 11 kwa wiki 6 za kwanza. Nilifurahi. Niliwaonyesha majirani suruali yake ya zamani. Wakati huo nilikuwa nimekata mafuta karibu yote, si gramu 30 nilizokuambia hapo juu. Hizo gramu 30 zilianza mwezi wa tano. Kabla ya hapo sidhani zilifika 10. Na alikuwa haamki na chakula, mlo wa kwanza ulikuwa saa saba mchana, mimi mwenyewe nilimwambia inasaidia. Kifuko kikakaa saa 16 au 17 bila kujikamua, kila siku. Kazini nawaambia watu nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, wasikimbie. Kwangu nilikimbia kwa sababu daktari alinitisha na nilitaka apone haraka.

Lakini sikumharibu, Shangazi! Uzito wenyewe wa mwanzo huleta vijiwe, na kolesteroli ilikuwa imepanda kwa kula kwao, si kwangu. Vijiwe vingeweza kuwepo kabla. Altrasaundi inaweza kuonyesha, ukienda hujala saa 6 hadi 8 ili kifuko kiwe kimejaa. Nimempangia moyoni tangu Agosti, na kila nikitaka kutamka naona sura ya mama mkwe. Picha ikionyesha kijiwe, atasema nilikuambieni. Nami nitamjibu nini?

Homa hana. Macho si ya manjano, nimeyaangalia kwa tochi ya simu. Mkojo si wa rangi ya chai, choo si cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Dalili hizo nikiziona, au maumivu yakipita saa chache bila kukoma, sitangoja jibu lako, nitambeba usiku huo huo. Kwa sasa hakuna hata moja.

Jumamosi ya wiki ijayo ni ruracio, sherehe ya mahari, ya wifi yangu mdogo. Mbuzi wameshanunuliwa. Mama mkwe amesema niende mapema nikapike naye, na wazee wakishakaa nimwombe msamaha, nikiri kwamba nimemdhoofisha mwanawe. Siendi. Nikienda nitapika mimi, na mafuta nitapima. Au niende nikae kimya tu, nimwekee sahani ndogo, na wasiniulize. Sijui. Kumwomba msamaha kwa ajili ya chapati siwezi, maana kwenye chapati sina kosa. Na kosa ninalolijua yeye halijui.

Kwa hiyo nisaidie. Nikimwamsha bwanangu asubuhi nikamwambia twende altrasaundi, nimweleze kwa nini nashuku, pamoja na zile wiki 6? Au nimpeleke kwanza, matokeo yakija safi nisiseme kabisa? Na mama yake ajue lini, kabla ya ruracio au baada?

Nijibu kabla ya Jumamosi, tafadhali. Usitaje mtaa wetu, wifi zangu husoma.

Mke mwenye wasiwasi,
Nairobi