Mkondo wa amali: mchoro usitenganishwe na mwiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uchoraji wa ramani za majengo na ufundi ujenzi katika shule zetu za sekondari. Tangu Januari 2024, kidato cha kwanza kilipoanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi na stadi za kazi, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, wazazi wengi wananiuliza kama watoto wao watatoka na ufundi au na cheti tu. Nilisoma fani hiyo katika shule ya ufundi ya serikali na nimelea familia kwa kazi yake, hivyo swali hilo linanigusa.

Ninachokihofia ni uchoraji kubaki darasani na ujenzi kubaki uwanjani, kila kimoja na mwalimu wake, bila mwanafunzi kujenga alichokichora. Nitoe mfano mdogo. Mwanafunzi anachora nyumba kwa kipimo cha 1:50, na kati ya madirisha mawili anaacha kipande cha ukuta cha milimita 300. Kwenye karatasi ni milimita 6, mstari unapendeza, na mwalimu anampa alama zote. Lakini tofali letu la saruji lina urefu wa inchi 18, yaani takribani milimita 450, kwa hiyo fundi atalazimika kukata tofali kwa kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, kuanzia usawa wa chini wa dirisha hadi kwenye linta, boriti ya zege iliyo juu ya dirisha, na vipande vinavyobaki vitatupwa kifusini kwa gharama ya mwenye nyumba. Mwanafunzi aliyewahi kushika mwiko wa mwashi hachori kipande kile, kwa sababu huhesabu matofali kabla ya kuhesabu milimita.

Sisi tulifundishwa hivyo. Asubuhi tulikuwa kwenye meza za kuchorea na rula ya T, penseli ya 2H kwa mistari ya awali na HB kwa mistari ya mwisho. Mchana tulikuwa karakana tukipima pembe ya msingi kwa kamba, mita 3 upande huu, 4 upande ule, na 5 kwa mshazari. Ukuta tuliujenga kwa mchanga na chokaa pasipo saruji, ili baada ya mwalimu kuukagua kwa timazi na pima maji tuubomoe, tuyasafishe matofali na kuyatumia tena wiki inayofuata. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa huambiwa kila mara kwamba mafunzo kwa vitendo ni ghali mno. Rundo moja la matofali lilitufundisha mwaka mzima.

Hivi karibuni nilimtembelea mpwa wangu katika shule anayosomea fani hii. Wanachorea kwenye madawati ya kawaida, rula ya T ni moja kwa darasa zima, na karakana imefungwa kwa kukosa mwalimu. Kijana ana bidii, na michoro yake ni safi. Hajawahi kuchanganya zege. Niliumia sana.

Naiomba wizara ianze na shule kongwe za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru Wavulana, ihakikishe karakana zake zina zana na walimu wa kutosha, kabla ya kuwaahidi ufundi watoto wa shule zisizo hata na banda la kufanyia kazi. Mafundi wastaafu waliomo mitaani waajiriwe kwa mkataba wasaidiane na walimu, hata wale wasio na shahada. Kompyuta zije, sizipingi, ila zije baada ya mkono kuijua penseli.

Jambo la mwisho ni lugha. Mwanafunzi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha anakwenda saiti ambako watu husema msingi, jamvi, kozi, linta, kenchi (fremu inayobeba paa) na lipu. Mpwa wangu alishindwa kunieleza kwa Kiswahili kenchi aliyoichora mwenyewe, na fundi atakayeipandisha juu ya ukuta hatamwelewa kwa lugha nyingine. Ni vema kila mchoro wa darasani uandikwe majina ya sehemu zake kwa lugha zote mbili, na hilo halihitaji bajeti wala kusubiri mtaala mwingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mwashi na mchoraji ramani,
Iringa