Barua ya malalamiko: bunju wadogo, chumvi wasiyoihitaji na kipeperushi cha kupotosha

Bunju B,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAMAKI, CHAKULA NA MAELEKEZO MLIYONIUZIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu bunju wadogo sita (samaki wanaojivimbisha wakitishwa), wale wa maji baridi ambao kitaalamu wanaitwa Carinotetraodon travancoricus, kwa Sh 35,000 kila mmoja. Muuzaji wenu aliniambia samaki hao hawatoki bila "seti yao", nikalipia pia pakiti ya chumvi ya akwaria, yaani tangi la kufugia samaki, Sh 12,000 na kopo la chakula kikavu cha vipande vyembamba Sh 8,500. Juu yake akaniwekea kipeperushi cha rangi chenye nembo yenu. Samaki wawili wamekufa. Nilipopiga simu, kijana aliyepokea alinisomea yale maandishi yaliyobandikwa kaunta, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akakata. Ndiyo maana naandika.

Nianze na chumvi. Kipeperushi kinasema bunju ni samaki wa baharini na kwamba kila anapobadilishiwa maji lazima aongezewe chumvi. Bunju wa baharini yupo, na mvuvi yeyote wa Kunduchi akimkuta wavuni anamtupa kwa sababu ya sumu yake. Lakini huyo siye mnayemuuza. Huyu wenu kwao ni mito na mabwawa ya Kerala, kusini-magharibi mwa India, Mto Pamba ukiwa mmojawapo. Hata jina lake la kitaalamu limetokana na Travancore, dola ya zamani ya eneo hilo. Ameandikwa na wanasayansi Hora na Nair tangu 1941, kwa hiyo habari zake si ngeni. Ni kijisamaki cha sentimita tatu na nusu hivi akishakua, na maisha yake yote ni maji baridi. Wako ndugu zake, kama yule wa kijani mwenye madoa, wanaotaka maji ya chumvichumvi wanapokua. Nahisi aliyeandaa kipeperushi alichukua maelezo ya hao akambandika nayo huyu. Cha ajabu, kipeperushi hichohicho chenye aya nzima ya chumvi hakigusi popote klorini ya maji ya bomba, ambayo inaua samaki wa aina yoyote.

Suala la chakula ndilo lililonikera zaidi. Samaki walifika nyumbani matumbo yamebonyea, vichwa vikubwa kuliko viwiliwili. Bunju mdogo mwenye afya ana tumbo la mviringo, huhitaji kuambiwa. Nilitia kile chakula chenu kikavu kidogo tu, mbele ya macho yangu. Mmoja alisogea, akakitazama kipande kwa jicho moja, akageuza jicho la pili (macho yao yanazunguka kila moja kivyake), kisha akaondoka zake. Wengine hawakujisumbua hata kusogea. Nilikitoa kwa bomba kabla hakijaoza, kwa sababu kikioza kinazalisha amonia, na hawa ni samaki wasiostahimili amonia hata kidogo.

Nilipompigia muuzaji siku ileile, jibu lake lilikuwa: "Wanadeka hao, njaa ikiwabana watakula." Hawadeki. Huyu ni samaki mwindaji, anakula kinachotembea. Nikatia konokono wadogo wa kwenye ndoo yangu, na mambo yakabadilika papo hapo. Bunju alifika nyuma ya konokono akaelea palepale, mapezi yakipepea, kama konda anayevizia abiria. Konokono alipotoa pembe zake kwenye gamba, akamchomoa kwa mdomo mmoja. Yale magamba laini ya konokono wachanga wanayavunja kabisa, na ni vizuri wayavunje, maana meno manne ya jamii hii yaliyoungana kuwa mdomo mgumu hayaachi kukua, na gamba linasaidia kuyapunguza. Ukiacha konokono, wanakula viluwiluwi vya mbu na funza wekundu wa kugandishwa, na baadhi yao huhitaji kwanza kuzoeshwa hivyo vya kugandishwa kwa kuvichezesha na koleo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoandikwa kwenye karatasi yenu.

Samaki wa kwanza alikufa bila kugusa chochote, hata konokono. Wa pili alikula vizuri lakini hakunenepa, na kinyesi chake kilikuwa cheupe, chembamba, kinaning'inia. Yeyote anayefuga bunju anaijua dalili hiyo: minyoo ya tumboni. Wengi wa bunju hawa wanaouzwa duniani huvuliwa mitoni, hawakuzalishwa kwenye matangi, na hufika na minyoo pamoja na njaa ya safari. Muuzaji makini huwaweka pembeni kwanza, akawatibu na kuwalisha, ndipo anawatoa kaunta. Naomba mnieleze kama mnafanya hivyo. Na kwa kuwa aina hii imo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, kuwaagiza kutoka mitoni kisha kuwaacha wafe dukani kwa kupewa wasichokula ni jambo linalopaswa kuwasumbua kuliko linavyonisumbua mimi.

Najua mtasema maji yangu ndiyo mabaya. Tangi langu ni la lita 60, lina majani mengi, filta imekomaa siku nyingi, yaani ina bakteria wa kutosha wa kusafisha uchafu, na nilipima siku ile ile niliyowaingiza: amonia sifuri, naitraiti (sumu nyingine itokanayo na uchafu) sifuri, joto nyuzi 26. Wale wanne waliobaki wako kwenye maji hayohayo, bila chembe ya chumvi, wanakula konokono na funza, na matumbo yao yamerudi mviringo. Picha nimeambatanisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata msiponirudishia senti moja nataka mlichukulie hatua leo. Nilipomwuliza muuzaji yuleyule kwa nini hawauzi konokono, aliniambia nichote tu mtaroni au bwawani. Ndugu Meneja, tunaishi nchi yenye kichocho. Konokono wa maji baridi wa huku kwetu, hasa wa jamii za Bulinus na Biomphalaria, ndio wanaobeba vimelea vyake, na Biomphalaria ana gamba la duara bapa linalofanana sana na wale wanaofugwa kwenye akwaria. Vimelea vinatoka kwa konokono vikiwa hai majini na kupenya ngozi ya mtu aliyetumbukiza mkono. Mnawaambia wateja, wengine watoto, waende wakawachote kwa mikono! Konokono salama ni yule aliyeanguliwa ndani ya ndoo au tangi ambalo mkojo wala kinyesi cha mtu hakijawahi kufika, kwa sababu kimelea hakirithiwi kupitia mayai. Kuwazalisha ni kazi rahisi mno: ndoo, jani la mchicha lililochemshwa, basi. Mngeweza hata kuwauza mkapata faida.

Na lile lililoandikwa ukurasa wa nyuma, chini ya picha ya bunju wa baharini mwenye miiba: "Mguse kidogo uone anavyovimba!" Bunju havimbi kwa kufurahi. Anavimba akiona anakufa. Mtoto akimtoa nje ya maji, samaki anameza hewa badala ya maji, na hewa hiyo anaweza kushindwa kuitoa. Yale mengine ya bakuli la lita nne lisilo na filta na kumchanganya na gapi, wale samaki wadogo wa mapambo wenye mikia mipana, "kwa sababu wanaelewana" sitayazungumzia kwa kirefu. Atakayejaribu ataona mikia ya gapi ikiisha.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh 90,500, yaani samaki wawili, chumvi na chakula. Muondoe kipeperushi hicho madukani yote, na kwa kuwa mnachukua namba za simu za wateja mnapoandika risiti, muwapigie waliokwisha kuuziwa bunju hawa muwaambie waache chumvi na wasiende mitaroni. Tena, mteja akitaka bunju, mlisheni samaki mbele yake kabla hajalipa, asiyekula asiuzwe.

Ile hoja ya mali ikishauzwa hairudishwi msinirudie nayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mimi niliuziwa kwa maelezo ya uongo yaliyochapishwa na ninyi wenyewe. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka nakala ya barua hii pamoja na kipeperushi chenu kwa Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, nakala ya kipeperushi pande zote mbili, na picha za samaki siku waliyofika na walivyo sasa. Pakiti ya chumvi, ambayo sikuifungua, nimeikabidhi kaunta pamoja na barua hii. Aliyeipokea ametia sahihi kwenye nakala yangu.

Wenu,

Mteja wa Bunju B
(Namba ya simu ipo kwenye risiti)