Barua ya malalamiko: Mfumo wa stakabadhi unaokubali na kukataa

Ofisi ya Mapokezi,
Ghala la Viungo,
Tanga.

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KURASA ZA MFUMO WA STAKABADHI ZA GHALA KUKATAA KUFUNGUKA MARA KWA MARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ghala letu hupokea pilipili manga, iliki, mdalasini na karafuu kutoka kwa wakulima wa Muheza na vijiji vya Amani, na kila mzigo unaopimwa huandikiwa stakabadhi kwenye mfumo wenu, ambao tunaulipia kila mwezi bila kuchelewa. Kwa miezi mitatu sasa mfumo huo umekuwa ukifunguka na kukataa kwa zamu, bila mpangilio ambao karani anaweza kuutabiri: ukurasa uliofunguka dakika moja iliyopita hurudi mweupe ukiwa na namba 502 au 504, na baada ya muda hufunguka tena kana kwamba hapakuwa na jambo. Mfumo ungezimika kabisa tungerudi kwenye vitabu vya stakabadhi vya karatasi na kazi ingeendelea; huu unaokubali nusu ndio unaotutesa.

Tumewaandikia mara nne. Mara mbili za kwanza tulijibiwa tufute kuki (vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari ili imkumbuke mtumiaji) na akiba ya kivinjari. Tulifanya hivyo, mfumo ukafunguka, nanyi mkalifunga shauri kwa neno “limetatuliwa”. Kesho yake, magari ya asubuhi yalipoingia, kosa likarudi. Mara ya tatu tuliambiwa tuwasiliane na mtoa huduma wetu wa intaneti. Ya nne haijajibiwa.

Naomba nianze na hilo la intaneti, maana hapa nchini “mtandao unasumbua” limekuwa jibu la kila dirisha la huduma, na pengine ndiyo sababu mhudumu wenu hakulifikiria mara mbili. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, tulikaa siku kadhaa tukihangaika kama Watanzania wengine, na hatukumlaumu mtu. Lakini siku zile kila kitu kiliyumba. Sasa hivi barua pepe zinakwenda, tovuti nyingine zinafunguka, na mfumo wenu peke yake ndio unaogoma. Isitoshe, namba yenyewe inajieleza. Kwa kanuni za HTTP, yaani lugha ambayo kivinjari na seva (kompyuta inayotoa kurasa) huzungumza, makosa yanayoanza na 4 huelekezwa kwa upande wa anayeomba ukurasa, na yanayoanza na 5 ni ya upande wa seva. 502 maana yake seva ya mbele, inayopokea maombi, imepeleka ombi kwa seva ya nyuma, inayoyashughulikia, ikapewa jibu lisiloeleweka; 504 maana yake imesubiri jibu mpaka muda ukaisha. Ili karani wetu aione namba hiyo, ombi lake lazima liwe limesafiri mpaka kwenu na jibu likarudi. Intaneti iliyoleta taarifa ya kosa haiwezi kuwa ndiyo kosa.

Hata hivyo tulijaribu. Kompyuta iliyokuwa ikikataa tuliitoa kwenye rauta ya ofisi tukaiunganisha na data ya simu ya karani, ambayo ni ya kampuni nyingine kabisa, na kosa likabaki lilelile. Wakati huohuo karani wa meza ya pili, aliyekuwa kwenye rauta ileile tuliyoitoroka, aliendelea kuandika stakabadhi bila shida yoyote. Ndipo kijana wetu wa kompyuta alipofungua dirisha la faragha, lisilotumia kuki za zamani, kwenye ile kompyuta mbovu, akaingia kwa jina na nywila zilezile, na mfumo ukafunguka, huku dirisha la kawaida lililokuwa pembeni yake likiendelea kuonesha 502.

Kompyuta moja, intaneti moja, mtumiaji mmoja. Kilichotofautiana ni kuki tu. Kijana akabonyeza F12, kitufe kinachofungua zana za ndani za kivinjari, akazitazama, akakuta moja ambayo mfumo wenu huitoa mtu anapoingia, na thamani yake huishia kwa herufi a, b au c. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiandika herufi hiyo kwenye kaunta buku kila kosa linapotokea. Kurasa zote zilizokataa tangu tuanze kuandika zilikuwa za c. Hatujaona hata moja ya a wala ya b.

Kwa hiyo tunaamini kwamba nyuma ya mfumo kuna seva tatu, kwamba kuki hiyo humfunga kila mtumiaji kwa seva moja mpaka atakapotoka, na kwamba seva ya tatu ni mgonjwa. Ushauri wenu wa kufuta kuki unaonekana kufaa kwa sababu humwondoa mtu kwenye seva mbovu na kumpangia nyingine, akibahatika. Asipobahatika huangukia palepale. Kila mlipotuambia tufute, mlikuwa mkituhamisha chumba huku paa linavuja. Tumegundua pia kwamba ukurasa wa kuingilia hufunguka vizuri hata kwa mtu wa c, ila zile kurasa zinazochota kumbukumbu kutoka hifadhidata ndizo zinazokufa, hasa kati ya saa nne na saa sita asubuhi, kazi inapokuwa nyingi. Kama ukaguzi wenu wa afya ya seva huugonga mlango huo wa kuingilia tu, basi hautaacha kuwaambia kwamba yote ni mazima.

Hasara yake si ya kusubiri tu. Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Amani alileta magunia mawili ya pilipili manga, kilo 104 kwenye mizani. Karani akabonyeza “Hifadhi”, kiduara kikazunguka mpaka mzee akaomba kiti, kisha ikaja 504. Akabonyeza tena, 504. Mara ya tatu ikakubali. Jioni tulipofunga hesabu, mfumo ulikuwa na stakabadhi tatu za kilo 104, yaani kilo 312 za mzigo ambao sakafuni ulikuwa magunia mawili, na malipo ya simu yalikuwa yamekwishatoka kwa zote tatu. Seva ya mbele ilikuwa imechoka kusubiri, lakini ya nyuma ilikuwa imeandika kila mara. Fedha zimerudi kwa uungwana wa mzee yule, ambaye alipanda gari kuja mwenyewe kutuonesha ujumbe kwenye simu yake. Nauli tulimrudishia sisi.

Tunaomba seva hiyo iondolewe kwenye zamu leo, hata kabla ya kujua inaumwa nini, kwa kuwa mbili nzima zinatutosha kuliko tatu zenye moja mbovu, na kumbukumbu zake za matukio (log) zisomwe kwa saa tulizoorodhesha kwenye nakala za kaunta buku zilizoambatishwa. Tunaomba pia kila stakabadhi ipewe namba yake ya pekee tangu fomu inapofunguliwa, ili karani akibonyeza mara tatu iandikwe moja. Ada ya miezi hii mitatu tunataka ipunguzwe kwa kiasi tutakachokubaliana, na tunataka jibu la maandishi kutoka kwa fundi aliyezisoma kumbukumbu hizo, ndani ya siku 14. Tukijibiwa tena tufute kuki, hatutalipa ada ya mwezi ujao mpaka tukutane ana kwa ana.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mapokezi,
kwa niaba ya Ghala.

Nakala: Mhasibu wa Ghala.
Viambatisho: Kurasa sita za kaunta buku, picha za skrini, stakabadhi tatu za kilo 104.