Maji ya ubongo hayamaliziki kwa kuchukuliwa kipimo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako makala kuhusu watoto wenye vichwa maji, na nashukuru kwamba jambo hili limepewa nafasi. Hata hivyo, makala ilisema kwamba maji huingia kichwani, kana kwamba yanatoka nje, na msomaji mmoja akawaonya wazazi wasikubali mtoto achomwe sindano ya mgongo, inayotoa maji hayo kidogo ili yapimwe, kwa kuwa maji yakishatolewa hayarudi. Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto, na hofu hiyo naijua kwa karibu, maana nimewaona wazazi wakikataa kipimo huku homa ya uti wa mgongo ikiendelea kumdhoofisha mtoto.

Maji hayo hutengenezwa ndani ya ubongo wenyewe. Ubongo una vyumba vinne vilivyounganishwa kwa njia nyembamba, na humo mna vishada vya mishipa midogo ya damu, viitwavyo koroidi, vilivyofunikwa kwa seli za kazi hiyo. Seli hizo haziachi tu damu ijichuje. Hutumia nishati kusukuma chumvi ya sodiamu upande wa chumbani, na maji huifuata, ndiyo sababu yanatoka maangavu, yakiwa na protini kidogo mno na sukari ipatayo theluthi mbili ya ile ya damu. Mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku, ilhali yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo yote hubadilishwa mara tatu hivi kila siku.

Kutoka vyumba viwili vya pembeni maji huingia chumba cha tatu, hupita mfereji wa Sylvius, ambao ni mwembamba sana na huziba kwa urahisi, hadi chumba cha nne, kisha hutoka kwa matundu matatu na kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mwishowe hurudi katika damu kupitia vinundu vya araknoidi, mmojawapo wa tando zinazoufunika ubongo, vilivyochomoza ndani ya mfereji mkubwa wa vena ulio chini ya utosi, na mengine hupitia mishipa ya limfu.

Hapa ndipo penye kiini cha ugonjwa. Kunyonywa kwa maji hutegemea shinikizo lake, lakini kutengenezwa kwake hakupungui sana hata njia ikiziba: koroidi huendelea na kazi, vyumba hutanuka, na kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu lake haijaungana, kichwa hukua kupita kiasi. Ndiyo maana tiba ni kuyafungulia maji njia, ama kwa mpira mwembamba unaoyapeleka tumboni, ama kwa kutoboa sakafu ya chumba cha tatu ili yapite kando ya kizuizi.

Kuhusu sindano ya mgongo, hesabu ni rahisi. Mtu mzima hutengeneza mililita 20 hivi kwa saa, basi kipimo cha mililita 10 hufidiwa katika nusu saa. Mtoto hutengeneza machache kuliko mtu mzima, na huchukuliwa machache pia. Sindano huingizwa chini ya mahali ugwe mgongo, yaani fungu kuu la neva lililomo ndani ya uti, unapokoma. Sisemi kwamba hakuna madhara: wengine huumwa kichwa kwa siku kadhaa kwa sababu maji huvuja kidogo pale palipotobolewa, na mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa ndani ya ubongo anaweza kudhurika vibaya, ndiyo maana daktari humchunguza kwanza, pengine kwa picha ya kichwa. Hayo ndiyo mzazi anayopaswa kumuuliza daktari, badala ya kuogopa kwamba maji yatamwishia mtoto.

Naomba, Mhariri, gazeti litakapoandika tena juu ya watoto hawa, liseme kwamba maji yao yamekosa njia ya kutokea.

Wako,
Muuguzi wa wodi ya watoto