Chanjo ya HPV haina kirusi ndani

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Hizi habari eti chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) inamwingizia binti kirusi mwilini zinachosha sasa, maana kilichomo mle ni ganda tupu. Mwaka 1991 kule Australia, watafiti Ian Frazer na Jian Zhou waliona protini za ganda la kirusi hiki zikitengenezwa kwenye seli zinajipanga zenyewe, na ile kuu inayoitwa L1 nakala zake 360 zinakaa tanotano mpaka kinatokea kijimpira ambacho kwa nje ni kirusi kabisa ila ndani hakuna DNA, sasa kitazaliana na nini? Chanjo zenyewe ni kama Gardasil na Cervarix: L1 ya Gardasil inatengenezwa na hamira, ya Cervarix na seli za wadudu (ndio, wadudu). Kinga ya mwili ikiona lile umbo inadhani adui kaja, inamwaga antibodi, zile protini za kupambana na kirusi. Ila tuseme ukweli, kirusi kikishaingia chanjo haikitoi, ndo maana wanachanjwa wakiwa wadogo. Zhou alifariki 1999, chanjo ikaja kuidhinishwa 2006, inauma. Mhariri, lichoreni hilo ganda gazetini siku moja watu walione.