Kuteremka Kerio, kupanda Kabarnet

Eldoret,
Jumapili jioni

Kwako ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, na natumai nanyi huko Mombasa mu wazima, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu.

Ulitaka nikutajie barabara ya lami ya kuendeshea baiskeli, yenye vilima vya kweli na isiyo na malori ya kukusukuma mtaroni. Ninayo moja tu ya kukupa, na sibabaiki: Iten hadi Kabarnet. Ni kilomita hamsini na kitu za kukatiza Bonde la Kerio kutoka ukingo huu hadi ule. Asubuhi unaweza kwenda muda mrefu usipitwe na gari lolote. Ila ukimya huo huo ndio utakaokukuta bondeni na tyubu iliyopasuka, duka halionekani na fundi hayupo, kwa hiyo barua hii nzima ni ya kukuandaa kwa hilo.

Kwanza hesabu ya vimo, maana wewe mlima wako mkubwa ni daraja la Nyali. Iten iko mita 2,400 juu ya bahari. Kutoka pale barabara inafika ukingoni na kuanguka: Tambach, halafu Biretwo, halafu sakafu ya bonde, chini ya Iten kwa mita 1,200 hivi. Unavuka mto Kerio kwenye daraja la Chebloch, pale mto unapobanwa na miamba, kisha unaanza kupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000. Maana yake ni kwamba raha yote inakuja mwanzo, na deni unalipa jua likiwa limepanda. Wengi hupanga safari kinyume cha akili: wanaondoka saa tatu baada ya chai ndefu, wanateremka wakicheka, saa tano wako chini kwenye joto la nyuzi thelathini na zaidi, na mlima wote uko mbele yao. Wewe ondoka Iten saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu kunapopambazuka. Usiondoke gizani, kwa sababu saa hizo wanariadha wamejaa kando ya barabara kwa makundi, na wengi hawavai chochote cha kung'aa.

Usije moja kwa moja kutoka usawa wa bahari na kupanda baiskeli kesho yake. Kwenye kimo cha Iten kanieneo ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya kwenu. Lala hapa kwetu usiku mbili, Iten mbili, uzungukezunguke polepole, ndipo uende. Kilomita 33 za Eldoret hadi Iten usizihesabu kama sehemu ya safari. Matatu zake zina haraka, na hakuna utulivu wa kuutafuta pale. Baiskeli ipandishe kwenye keria, ilale ubavu wenye minyororo na gia ukiangalia juu, na uifunge mwenyewe kwa kamba za blada. Ukimwachia utingo ataibana kwa gunia la viazi.

Sasa gia, kwani hapa ndipo watu wa nchi tambarare wanapoumia. Kama baiskeli yako bado ina meno 39 mbele na 25 nyuma, badilisha kabla ya kutoka nyumbani. Kwenye mwinuko wa asilimia sita au saba, mtu wa kawaida anakwenda kilomita tisa kwa saa, basi. Kwa 39 na 25, mwendo huo ni kuzungusha pedeli mara 45 hivi kwa dakika, yaani unasukuma kwa magoti badala ya mapafu, na magoti hayavumilii saa mbili za namna hiyo. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, gurudumu linazunguka mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli, na kwa mwendo ule ule miguu inazunguka mara 70. Utahema, lakini utafika. Kabla ya kununua hayo meno 34 hakikisha kibadilisha gia chako cha nyuma kina mkono mrefu wa kuyabeba. Kile chenye mkono mfupi kitaacha mnyororo ukining'inia, au kitaukaza hadi kivunjike. Beba pia kile kikono kidogo cha aluminiamu kinachokishikilia kwenye fremu. Kina umbo lake kwa kila aina ya baiskeli, kinapinda baiskeli ikianguka hata imesimama, na huku hutakipata popote.

Mteremko nitauzungumza kwa kirefu. Wewe na baiskeli, pamoja na maji, tuseme ni kilo 85. Uzito huo ukishuka mita 1,200 unatoa nishati ya kuchemsha lita tatu za maji. Lazima iende mahali. Ukiiachia baiskeli ikimbie, sehemu kubwa inachukuliwa na upepo. Ukijikokota polepole huku umeshika breki tangu Iten hadi chini, karibu yote inaingia kwenye rimu. Rimu inapata moto, upepo ndani ya tyubu unatanuka, na tyubu inapasuka ukiwa kwenye kona. Kwa hiyo mwoga ndiye aliye hatarini kuliko jasiri, jambo ambalo ni gumu kumweleza mwoga. Namna yenyewe ni hii: mikono iwe chini kwenye pembe za usukani, siyo juu, kwa sababu chini vidole vinapata nguvu ya kuvuta. Sehemu iliyonyooka achia. Kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado wima, vuta breki zote mbili kwa nguvu sekunde tatu au nne, ya mbele zaidi kidogo, kisha achia uingie kona mguu wa nje ukiwa chini na macho yakitazama unakotokea. Ukisikia harufu ya mpira kuungua, au mkono wa breki ukianza kukaribia usukani, simama. Tambach ni mahali pazuri pa kusimama dakika kumi hata kama hujasikia chochote. Rimu usiiguse kwa kidole, na kama una breki za diski, usiimwagie diski maji ikiwa ya moto, inaweza kupinda. Rimu za kaboni zenye breki za raba ziache nyumbani kabisa.

Barabarani kwenyewe kuna vitu vitatu vya kusoma. Matuta: yako kila penye shule au senta, mengine rangi yake imefutika, na ukiyakuta kwa kilomita 50 kwa saa hutayasahau. Ukiona paa za mabati mbele, punguza. Pili ni mawe. Lori likikwama mlimani, utingo huweka mawe nyuma ya magurudumu, likipona linaondoka na mawe yanabaki pale pale njiani, makubwa kama kichwa cha mbuzi. Tatu ni matawi mabichi yaliyotupwa kwenye lami kila hatua kadhaa. Usiyakasirikie. Ndiyo ilani kwamba gari limeharibika baada ya kona. Baada ya mvua ongeza changarawe iliyosombwa hadi kwenye kona, na wakati wowote ule mbuzi. Mbuzi mmoja akivuka, ngoja wa pili, yupo.

Sakafu ya bonde ina miiba ya migunga. Leta matairi ya milimita 28, siyo 23, na kwa uzito wako tia upepo wa paundi 75 nyuma na 70 mbele. Ukijaza hadi mia kama mnavyofanya huko, baiskeli itakurusharusha kwenye lami mbovu na haitakuwa na kasi zaidi. Kila ukisimama, pitisha kiganja chenye glavu juu ya tairi kulizungusha, maana mwiba huchukua muda kuchimba kabla haujafika kwenye tyubu, na ukiung'oa mapema umejiokolea nusu saa. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni mpya (ile iliyofunguliwa mwaka jana imekauka, minya uone), pampu ya mkono na vikongoleo vitatu vya kutolea tairi kwenye rimu. Kabla ya kutia tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi lote mpaka umpate mkosaji. Asiyemtafuta anatoboa tyubu ya pili hapo hapo.

Halafu kuna kitu kidogo cha shaba, kidogo kuliko kifungo cha shati, ambacho bei yake haifiki nauli ya boda: adapta ya valvu. Tairi zako zina valvu nyembamba, na pampu nyingi utakazozikuta njiani, hasa za boda boda, zinaingia valvu nene tu. Ifungue kwanza ile nati ya juu ya valvu yako, skurubu adapta, na hapo pampu hizo zinakufaa. Iache imefungwa kwenye valvu ya nyuma daima ili usiisahau mfukoni. Usidhani fundi wa Black Mamba, zile baiskeli nzito za kijijini, ataweza kukuuzia tyubu. Zake ni za inchi 28, nene, zikiingia kwenye tairi lako zinajikunja na kukatika kwenye mkunjo. Mnyororo ukikatika au spoku ikilegea, hapo fundi huyo ni bingwa, na koleo lake litakufaa kuliko funguo zako za rangi rangi.

Maji. Chupa mbili za nusu lita na robo zinatosha hadi Chebloch tu. Kwa mlima wa Kabarnet anza na lita tatu, ikibidi moja ibebe mgongoni. Katika lita moja changanya vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, kamua ndimu ukipenda. Ni dawa ile ile ya mtoto anayeharisha, na inashinda vinywaji vya rangi vya dukani. Kula kabla njaa haijabisha hodi: ndizi au kipande cha chapati kila dakika arobaini. Mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, watakukaribisha, nao ni mzuri, lakini kama tumbo lako halijauzoea uunywe ukishafika.

Nguo zitakuchanganya. Iten alfajiri utatetemeka, na kushuka kwa kasi kunaongeza baridi. Gazeti la jana likikunjwa kifuani chini ya jezi linazuia upepo vizuri kuliko koti, na ukifika Biretwo unampa mwenye kibanda afungie vitu vyake. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Kuanzia Aprili mvua za nyanda za juu huja alasiri, sababu nyingine ya kuamka mapema.

Chebloch vijana huruka kutoka mwambani hadi mtoni. Watazame, uwape chochote, usiwafuate majini. Kupanda kunaanza baada ya pale, na kosa la kawaida ni kushambulia kilomita tatu za mwanzo kwa sababu mteremko umekuachia miguu mibichi. Panda kwa mwendo ambao ungeweza kuongea sentensi nzima. Ukiona huwezi kumaliza hata "chamgei" kwa mama aliyebeba kuni, umezidisha. Ndiyo salamu ya pande zote mbili, kwa Wakeiyo na kwa Watugen.

Kurudi siku hiyo hiyo sikushauri. Kutoka bondeni hadi Iten ni mlima mrefu kuliko ule uliotoka kuupanda, na utaukuta saa nane ya jua kali. Lala Kabarnet, urudi alfajiri, au siku ya pili uteremke upande wa pili hadi Marigat ukamalizie ziwani Baringo. Na ukiwa Biretwo, usishawishike na barabara ya kaskazini kuelekea Tot, hata ikionekana tulivu kiasi gani. Wizi wa mifugo umeua watu kule, na hali hubadilika kwa wiki. Hata kwa njia yetu hii, ulizia Iten usiku wa kuamkia safari. Wenye matatu ya Kabarnet ndio wanaojua.

Nijibu upesi mambo mawili: idadi ya meno ya gia zako, na breki ni za raba au za diski, nikutafutie raba za akiba hapa mjini kabla hujafika. Adapta nitakupa yangu.

Wako,
Kipchumba