Mjomba, kwenye kikombe cha chai hakuna infiniti

Mjomba,

Juzi pale Magogoni, tukisubiri pantoni, ulinitupia swali nikalikwepa. Ulisema kitabu chako kimeandika kwamba katikati ya shimo jeusi (mahali angani ambapo mvutano hauachii hata mwanga utoke) densiti, yaani jinsi masi ilivyobanwa, haina kikomo, kwa hiyo infiniti ipo kweli, tena ina anwani yake angani. Geti likafunguliwa, watu wakaanza kusukumana, nami nikajifanya sijasikia. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu fupi. Refu ni hili, na nimeliweka hadharani kwa sababu wenzako wa kidato cha sita nao lazima wanajiuliza hilohilo.

Anza na kikombe cha chai ya rangi. Asubuhi, jua likiwa bado chini, mwanga unaingia kwa ubavu, unagonga ukuta wa ndani wa kikombe, na juu ya chai unajichora mstari mkali uliopinda, wenye ncha katikati. Umeuona tangu utotoni. Sasa chora miale kwa rula: kila mwale unaruka kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Utaona inavyosongamana kwenye ule mstari. Piga hesabu: ukiukaribia mara nne zaidi, mwangaza unaongezeka mara mbili, na juu ya mstari wenyewe jibu ni infiniti. Kwa hesabu hiyo wanywa chai wote wa Kariakoo wangekuwa vipofu.

Chai haina habari. Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza George Airy, akishughulika na upinde wa mvua (ambao ni ndugu wa mstari huu), alionyesha kinachotokea. Mwanga ni mawimbi, na urefu wa wimbi lake ni kama nusu ya sehemu ya elfu ya milimita. Wimbi halikubali kubanwa kwenye mstari usio na unene, ukilibana linatapakaa. Kwa hesabu ya mawimbi unapata mstari mkali, lakini mkali wa kipimo. Na hapo bado sijakukumbusha kwamba jua si nukta, kwa hiyo linaufifisha mstari hata kabla ya mawimbi kuingia kazini. Infiniti ile haikuwa kwenye chai. Ilikuwa kwenye rula yetu.

Au chukua bomba langu la uani, lile linalovuja. Tangu nistaafu nimelitazama kuliko televisheni. Tone linaning'inia, shingo inakonda, inakatika. Ngozi ya maji ndiyo inayoibana ile shingo, na kadiri inavyokonda ndivyo presha inavyopanda. Nilikaa na kikokotoo (cha mkononi, si kile cha mafao yetu): shingo yenye nusu kipenyo cha maikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita) inatoa presha ya karibu asilimia 70 ya angahewa. Ya nanomita 1, ndogo mara elfu zaidi, inatoa angahewa kama 700. Nikaweka sifuri, kikokotoo kikagoma. Tone lenyewe lilikuwa limeshadondoka kwenye ndoo zamani. Molekuli ya maji ina upana wa takriban nanomita 0.3, kwa hiyo ukifika huko hakuna tena cha kuitwa shingo, kuna molekuli chache zinazoachana. Mlinganyo ulidhani maji ni laini mpaka mwisho wake, na hayako hivyo.

Elektroni ndiyo iliyowatesa wakubwa. Ukiichukulia kama nukta, ukaingiza umbali r = 0 kwenye kanuni ya Coulomb, ile ya nguvu kati ya chaji, nishati ya uwanja wake wa umeme inakuwa infiniti. Wanafizikia Tomonaga, Schwinger na Feynman walipewa Nobel mwaka 1965 kwa kazi iliyotoa njia: chukua chaji na masi kama zilivyopimwa maabara, panga hesabu upya, infiniti zinafutana. Kinachobaki kinalingana na vipimo vya usumaku wa elektroni hadi tarakimu kumi! Paul Dirac, mmoja wa waasisi wa nadharia yenyewe, hakuridhika mpaka anafariki mwaka 1984. Kwake, hesabu yenye heshima hutupa kitu kwa kuwa ni kidogo, si kwa kuwa ni kikubwa kupindukia. Moyoni mimi niko na Dirac. Kichwani niko na Kenneth Wilson, wa Nobel ya 1982, aliyetuonyesha kwamba nadharia ya namna hii ni kama ramani yenye skeli yake. Huwezi kuchukua ramani ya jiji ukaidai ikuonyeshe misumari kwenye mabati ya Manzese.

Sasa shimo lako jeusi. Teoremu ya mwanahisabati Roger Penrose ya 1965 haisemi kwamba mle ndani kuna rundo lenye densiti isiyo na kikomo. Inasema kwamba, ukifuata milinganyo ya Einstein, mvutano ukishanasa mwanga kabisa, kuna njia ya mwanga inayokatika. Njia inaishia, basi. Na milinganyo ile haina kwanta (kanuni za vitu vidogo kabisa, kama atomu) ndani yake, kama miale yetu ilivyokuwa haina mawimbi. Kwanta zinatarajiwa kuingilia kwenye vipimo vya mita 1.6 × 10⁻³⁵, na nadharia ya kuziunganisha na mvutano haijakamilika. Dau langu ni kwamba kule kuna kitu kinachofanya kazi ya molekuli za bombani. Ni dau, si ushahidi, usiende kuliandika kwenye mtihani.

Ninapolegeza kamba ni kwenye ukubwa wa anga. Tunaona miaka ya nuru kama bilioni 46 kila upande, na vipimo havijakuta kwamba anga lenyewe limepinda kwa namna iliyo wazi, kama lingejifunga lenyewe mithili ya mpira. Huenda inaendelea bila mwisho. Infiniti hiyo haikutokana na kugawa kwa sifuri, haivunji mlinganyo wowote, na sina ugomvi nayo. Ila hakuna futi kamba itakayoisoma.

Ukija Jumapili njoo na simu yako tuujaribu ule mstari gizani, kikombe nitakuwa nacho. Tochi ya simu yangu ina taa mbili, kila mstari unatoka pacha.

Mjomba wako